Kamera ya Mwalo wa Mabwe

Kila asubuhi, kabla chai haijamiminwa, Inspekta Ndalahwa na Rebeka walitukanana. Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yao. Inspekta ni Msukuma, Rebeka ni Mnyamwezi wa Tabora, na watu wa makabila hayo mawili ni watani. Wana ruhusa ya kuambiana lolote, mahali popote, hata msibani, na anayenuna ndiye aliyeshindwa.

"Mtumwa wangu umefika?" Ndalahwa aliuliza akiwa bado mlangoni. "Ile mizigo ya Waarabu umeitua wapi?"

"Nimeitua kwako, bwana. Nimechelewa kwa sababu kuna ng'ombe alilala katikati ya barabara amevaa miwani ya jua. Nikadhani ni wewe, nikasimama kumwamkia."

Askari wa zamu walicheka mpaka wakashika meza. Ndalahwa alicheka kuliko wote, maana miwani yenyewe ilikuwa usoni kwake. Alikuwa mtu mnene, mkarimu, hodari wa kusimulia, na alikuwa na ugonjwa mmoja uliojulikana kituo kizima: hakubali kushindwa na Mnyamwezi. Ungeweza kumshinda kwenye bao, kwenye mpira, hata kwenye cheo, akanyamaza. Lakini Mnyamwezi akisema neno moja, yeye sharti aseme mawili, na la pili liwe kubwa kuliko la kwanza.

Chumba chao kilijaa skrini. Rebeka hakuwa askari. Alisomea kompyuta, akaajiriwa kwa mkataba kuangalia kamera za mji, na siku ya kwanza aliapishwa kutunza siri, mkono juu na moyo umejaa fahari. Kamera ziliwekwa kwenye nguzo ndefu kila kona, na mojawapo ikasimamishwa kwenye mwalo wa Mabwe, kule Ilemela, pale boti zinaposhusha samaki na akina mama wanapoanika dagaa. Siku ya uzinduzi kulikuwa na ngoma, maji ya chupa na hotuba ndefu. Wananchi waliambiwa kwamba wizi wa injini za boti umefika mwisho.

Haukufika. Wezi walijifunza kuvaa kofia, basi, na mtambo wa serikali ukabaki unahesabu kofia. Mwizi mmoja tu ndiye aliyekamatwa Mabwe tangu nguzo isimame, na aliyemkamata ni mama mmoja muuza dagaa aitwaye Kashindye, kwa kumchapa kasia la mgongo. Alipoulizwa na waandishi alitumia teknolojia gani, akawaonyesha mkono.

Kashindye huyo ndiye aliyekuwa mwenye nyumba wa Rebeka. Rebeka alipofika kutoka Tabora na begi moja, alimpangisha chumba cha nyuma, na tangu jioni ile ya kwanza hakumwacha apike peke yake. "Mtumwa wangu, njoo ule," alimwita kila siku kupitia dirishani. "Usije ukafa hapa watu wakasema Wasukuma tunawatesa." Rebeka alikuja, akala, akamwambia mboga yake ina chumvi ya kumnywesha mbuzi, na wote wawili wakalala wameridhika.

Sasa, mtambo ule ulikuwa na kipaji kimoja. Ukiupa picha ya uso wa mtu, ulimtafuta kwenye nguzo zote za mji, na ukimwona ulilia ti, ti, ti, ukaonyesha alipo na aliye naye. Sheria ilisema picha inayoingizwa ni ya mhalifu anayetafutwa. Siku moja Ndalahwa alikuja na picha ya Nestory.

Nestory hakuwa mhalifu. Alikuwa katibu wa wavuvi wa Mabwe, kijana mwembamba mwenye kupenda karanga na kuuliza maswali. Wakati ule alikuwa anauliza swali moja tu, kwa kila ofisi: ni kweli mwalo umegawiwa mtu ili ajenge hoteli, na kama ni kweli, nani kaugawa? Swali hilo lilimkera mkubwa mmoja ambaye jina lake halikutajwa hata pale chumbani. Alitajwa kwa kidole kilichoelekezwa juu.

"Afande, huyu kaiba nini?" Rebeka aliuliza.

"Kaiba usingizi wa watu," Ndalahwa alijibu. "Ingiza."

Rebeka akaingiza. Tuseme ukweli, aliingiza bila kubisha zaidi. Mtambo ukaanza kulia.

Wavuvi na akina mama wa dagaa walipanga mkutano kwenye ukumbi wa kanisa. Polisi wakafika kabla ya sala ya kufungulia. Wakapanga mwingine nyumbani kwa Ng'washi, mwenyekiti wa akina mama, wakaambizana kwa kunong'ona. Polisi wakafika, safari hii wakamchukua Nestory wakamlaza ndani, kisha wakamwachia bila kumweleza kosa. Wakapanga wa tatu mbali kabisa, kwa mama lishe mmoja karibu na stendi ya Nyegezi, wakaenda mmoja mmoja kwa njia tofauti wakijiona wajanja. Walikuta gari la polisi limeshaegeshwa, na dereva amekwisha kuagiza supu.

Hapo watu wa Mabwe wakakaa wakafikiri. Hawakufikiri juu ya nguzo. Nguzo ni ya wezi wa injini, waliambiwa hivyo, na ngoma walizicheza wenyewe. Walifikiri juu ya mtu. Nani hakuwepo kanisani? Kashindye. Nani hakuwepo kwa Ng'washi? Kashindye. Nani hakutokea Nyegezi? Ni kweli kwamba binti yake alikuwa amejifungua Busisi, na kwamba mama wa watu alikuwa anavuka daraja kwenda na kurudi na chupa ya uji mkononi. Lakini mtu akishataka kukushuku, hata uji wako unakuwa na sababu. Na tena, nani kampangisha chumba mtumishi wa polisi?

Hakuna aliyemtukana. Laiti wangemtukana. Walimwacha tu. Rebeka aliyaona yote kwenye skrini, maana kamera ya Mabwe ilikuwa ya kwanza kushoto. Aliona akina mama wakihamisha dagaa wao mbali na wa Kashindye, taratibu, kila siku hatua kidogo. Aliona wanunuzi wakimpita. Wakati wa chakula waliketi kwa duara, na Kashindye akala peke yake kwenye jiwe, amewapa mgongo ili wasimwone anavyotafuna.

Jioni moja dirisha halikuita. Rebeka akatoka mwenyewe, akamkuta Kashindye ameketi jikoni na moto umezimika.

"Rebeka," alisema. Hakumwita mtumwa wangu, na Rebeka aliposikia jina lake tupu moyo ulimshuka. "Wewe unakaa huko kwa wakubwa. Hebu niambie mwanangu, mimi nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu, mayu." Alikuwa amejifunza kumwita mama kwa Kisukuma.

"Wewe umejuaje?"

Rebeka alifungua mdomo. Akakikumbuka kile kiapo. Aliona pingu, aliona mama yake kule Tabora akiletewa habari. "Nakujua tu," alisema, na akaona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Asubuhi yake alimfuata Ndalahwa, bila utani, bila tabasamu. "Afande, tunalofanya kwa Nestory si halali. Hana kesi. Na kuna mtu asiye na hatia anateseka kwa ajili yetu. Naomba tumtoe kwenye mtambo."

Ndalahwa alimtazama, mashavu yakaanza kucheza, akapasuka kwa kicheko. "Jamani njooni! Mnyamwezi leo kaamka hakimu! Mama, tangu lini mbeba mizigo akasoma sheria?"

Chumba kizima kikacheka. Rebeka alirudia maneno yale yale, kwa sauti ya juu zaidi, na wao wakaona ndiyo utamu unaongezeka. Akapanda mpaka ofisi ya malalamiko. Afisa pale alimsikiliza vizuri, akapiga simu mbele yake: "Ndalahwa, mtani wako yuko huku, leo kakuweza kwelikweli!" Miaka yote ya matusi ya asubuhi ilikuwa imemwandalia hili: hakuna neno lake juu ya Inspekta ambalo mtu angeweza kulichukulia kuwa kweli. Rebeka alishuka ngazi ana hasira ya kupasua ukuta.

Ndipo akafariki mzee Shimba, mmiliki wa boti wa zamani kuliko wote pale Mabwe. Alikufa kwa uzee, amelala, ameshiba, na watoto wake wamejaa nyumba; msiba wa kulia kidogo na kula sana. Alikuwa mjomba wa Ndalahwa, kwa hiyo Inspekta alichukua ruhusa akaja kukaa na wafiwa. Rebeka naye alikuja, kama jirani na kama mtani.

Siku ya kuanua matanga Kashindye alifika mapema. Alikuwa amejitwika debe la unga, na kuni amezifunga mgongoni. Wanawake walikuwa mekoni, masufuria yanachemka. Ng'washi akamwahi njiani, kwa adabu kabisa.

"Shikamoo, mayu. Unga upo wa kutosha."

"Marahaba. Na kuni?"

"Kuni pia zipo."

Kashindye alisimama na debe lake kichwani. Mzee Shimba alimfundisha kusuka nyavu akiwa msichana. Kwa watu wa pale, kukataliwa unga msibani ni kuambiwa kwamba hata wewe ukifa, usitegemee mtu kukusongea. Aligeuka, akaenda akaketi nje ya turubai, juu ya kuni zake, na hakulia. Rebeka aliyekuwa anakata vitunguu karibu na meko ndiye aliyelia, na kwa bahati alikuwa na kisingizio.

Ulipofika wakati wa watani, watu wakapanga viti. Watani wa kwanza walifanya ya kawaida. Walivaa koti la marehemu, wakatembea kwa mwendo wake, wakamlaumu kwa kufa bila kulipia bia aliyoahidi. Wafiwa walicheka huku wakijifuta macho. Kisha mtu akaita, "Na wa Tabora! Mnyamwezi wetu yuko wapi?"

Rebeka alisimama. Alichukua kinu, akakipindua katikati ya uwanja, akapanda juu yake. Akaweka kikombe cha bati jichoni, akaanza kugeuza shingo polepole, kulia, kushoto.

"Ti, ti, ti," alisema. "Mimi ni kamera ya Mabwe. Nimeletwa kwa kodi zenu nikamate wezi wa injini. Wezi sijawaona, wana kofia. Ila Nestory namwona! Nestory anaingia kwa kinyozi. Nestory ananunua karanga. Nestory anajikuna. Afande, kajikuna tena, nitume gari?"

Kicheko kilipanda mpaka juu ya turubai. Nestory mwenyewe alicheka, ingawa alitazama pembeni. Ndalahwa, kiti cha mbele, alikuwa anapiga mapaja. Rebeka aligeuza kikombe, kikamlenga yeye.

"Tatizo langu ni mwenye kunitumia. Nimepewa Msukuma! Ananitazama kama ng'ombe anavyotazama treni. Kitufe cha kuwasha hakijui. Jamani, huyu bila mbea wa kumnong'oneza sikioni asingejua hata njia ya kwenda Nyegezi. Msukuma kanunuliwa mtambo wa thamani, bado anaomba umbea kwa akina mama wa dagaa!"

"Weee!" watu walipiga kelele. "Afande, umepigwa!"

Rebeka alimwona anavyojiinua. Alimjua mtu wake. Alishusha kikombe kidogo, akamalizia kwa upole: "Sema tu, bwana. Kushindwa na Mnyamwezi si dhambi."

Ndalahwa alisimama, akarekebisha mkanda. Kicheko kilikuwa bado usoni, na nyuma ya kicheko ule ugonjwa wake.

"Mbea? Mimi? Mnyamwezi, shuka ukaoge! Mimi na mbea wapi na wapi? Kanisani niliwaona mnavyoingia, nikiwa nimekaa nakunywa chai. Kwa Ng'washi niliwahesabu mlangoni mmoja mmoja. Nyegezi mlikwenda kila mtu na njia yake, mkadhani mimi mtoto. Jana yake nilishamwona Nestory pale akiongea na mama lishe, nikawatangulia, dereva wangu akala na supu! Picha ya Nestory nikiingiza, mtambo unamfuata kama kivuli, na kila anayemsalimia namjua. Hakuna mtu hata mmoja wa mwalo huu aliyewahi kunipa neno. Hata moja! Ni mimi na mtambo wangu. Nani sasa hajui kitufe?"

Alinyoosha mikono pande zote mbili, akingoja makofi.

Hayakuja. Mwiko wa mtu mmoja mekoni uliendelea kugonga sufuria, kisha nao ukaacha. Ng'washi aliweka mkono mdomoni. Vichwa viligeuka kimoja baada ya kingine, si kwa Ndalahwa bali nje ya turubai, kwa mama aliyeketi juu ya kuni zake. Halafu vikageuka tena, vikatazama ile nguzo juu ya paa za mabati. Ilikuwa pale siku zote.

Ndalahwa alibaki na mikono hewani. Rebeka aliona uso wake ukielewa kidogo kidogo, kuanzia kwenye nyusi.

"Ni utani," Inspekta alisema. "Jamani, si ni utani?"

"Ni utani, afande," Rebeka alijibu kutoka juu ya kinu.

Nestory hakucheka tena. "Mimi nililala mahabusu," alisema taratibu, "nawaza ni yupi kati ya ndugu zangu aliyeniuza."

Simu zilikuwa zimerekodi, bila shaka. Hakuna msiba siku hizi usiorekodiwa. Kabla ya Ijumaa kilichosemwa pale kilikuwa kimefika kila kibanda cha chipsi cha Mwanza. Ikatoka taarifa rasmi kwamba mtambo hauna uwezo wa kumfuata raia mmoja mmoja, na watu wakaisoma kwa sauti huku wakichezesha ile video kando yake. Mawakili wakaja kwa Nestory. Diwani akakumbuka ghafla kwamba na yeye alikuwa na swali kuhusu hoteli. Ujenzi ukasimamishwa "kwa muda", na kule juu kilikoelekezwa kidole pakawa kimya sana.

Rebeka aliitwa mbele ya meza ndefu.

"Umetoa siri za kazi," walimwambia.

"Siri ipi, waheshimiwa? Mimi nilitania, nikasema Inspekta hajui kutumia mtambo. Yeye akasema anajua."

Walitazamana. Mmoja wao alikohoa ili asicheke. Ndalahwa, aliyeitwa kama shahidi, aliulizwa kama anataka kumshtaki mtani wake kwa maneno ya msibani. Inspekta aliinamisha kichwa. Angeweza kuvumilia uhamisho, na alihamishwa. Hilo la kushtaki utani lingemfuata hadi kaburini, na kwenye kaburi lenyewe wangekuja Wanyamwezi. "Hapana," alisema. Walipokuwa wanatoka alimpita Rebeka mlangoni bila kumtukana, na Rebeka alishangaa kuona kwamba hilo lilimuuma. Mkataba wake haukuongezwa. Hawakumwambia kwa nini, na yeye hakuuliza.

Kwa Kashindye walikuwa wamekwenda mapema zaidi, siku iliyofuata matanga, Ng'washi mbele, akina mama wenzake nyuma. Walileta ugali, sato wa nazi, na lile debe la unga walilolikataa, ambalo yeye aliliacha pale uwanjani. Walipiga magoti uani. Ng'washi alisema yanayosemwa: shetani alitupitia, mtambo ulitudanganya, utusamehe.

Kashindye aliwasikiliza mpaka mwisho. "Mtambo haukuwadanganya," alisema. "Mtambo haunijui mimi. Ukikosea, umekosea. Ninyi mnanijua. Ng'washi, watoto wako wawili nimewapokea kwa mikono hii."

Ng'washi alilia kwa sauti, kama mtoto, na Kashindye alimwacha alie vya kutosha kabla ya kumwambia anyanyuke, ugali unapoa.

Waliketi kwa duara. Rebeka alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake, mikono imeshikana. Tangu jana watu walikuwa wanamwita shujaa, na yeye kila akilisikia neno hilo alitamani kujificha, kwa sababu alijua swali lililobaki.

"Na wewe," Kashindye alisema bila kugeuka. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwanzo, mayu."

"Siku nilipokuuliza hapa jikoni, ulijua."

"Nilijua."

"Na ulikuwa unakula kwangu."

"Ndiyo." Ilikuwa vigumu kuitoa. "Niliogopa, mayu. Niliogopa, nikakuacha ukaumia."

Kashindye alinawa mikono polepole, kidole kwa kidole. Alimega tonge, akalichovya, akalitazama kana kwamba lina jibu. Akina mama waliacha kutafuna. Kisha akasogea kidogo kwenye mkeka, nafasi ya mtu mmoja ikapatikana pembeni yake.

"Njoo ule," alisema. "Na vyombo vyote hivi utaosha wewe, mtumwa wangu."

Rebeka alikaa. Alikula huku machozi yanaingia kwenye mboga, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie nyumba ile hakusema neno juu ya chumvi.